Ua la Jabali Uani Mwetu

Katika nyumba za Waswahili, ua hupimwa kwa pua kabla ya jicho. Asumini hutungwa, rehani huchumwa, mkadi hukatwa ukatiwa kikubani, kilua hufichwa baina ya nguo sandukuni, na ua lisilonukia hupitwa njiani kama mgeni asiyejulikana na mtu. Huenda hiyo ndiyo sababu ua tunalolizungumzia juma hili limeishi nyuma ya miji yetu dahari na dahari bila ya kupata nafasi katika vikuba vyetu wala katika mazungumzo ya barazani. Halina harufu hata chembe. Lina rangi ya urujuani inayokaribia samawati, limegawika sehemu tano laini, na katikati lina vijifuko viwili vya manjano mfano wa punje za mtama. Majani yake ni manene, yana manyoya mafupi kama mahameli, nayo hujipanga duara karibu na ardhi. Bibi yetu alipoletewa mara ya kwanza alilikaribisha puani, akangoja, akalirudisha. “Zuri,” alisema, “lakini halisemi.”

Wataalamu huliita Saintpaulia. Kwa Kiingereza limepewa jina lenye maana ya urujuani wa Afrika, ingawa halina ujamaa wowote na urujuani wa Ulaya. Sisi nyumbani tumezoea kuliita ua la jabali, kwa kuwa jabalini ndiko kwao, na kwa ruhusa ya msomaji tutaliita hivyo hapa.

Wasomaji wetu wenye jamaa Ulaya au Marekani yamkini wameliona madirishani bila ya kujua kwamba wamekutana na mtu wa kwao. Huko huuzwa madukani pamoja na mikate na maziwa, kuna maelfu ya aina zilizochanganywa na wakulima, nyeupe, za waridi, zenye kingo za mikunjo, na tangu mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani wana chama chao. Asili ya haya yote ni pwani hii na milima iliyo jirani nayo, kutoka Kenya hadi Tanzania. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, alipeleka mche uliokaushwa katika bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 akafuatia mmishonari W. E. Taylor, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Wapenzi wa mashairi watalitambua jina hilo, kwani ndiye aliyeshirikiana na Mwalimu Sikujua kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kabla hayajazikwa na vifua vilivyoyahifadhi. Vielelezo vya mabwana hao wawili havikutosha kwa wataalamu kulieleza ua. Sifa ikaenda kwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1890 alilikuta huko na kumpelekea baba yake Ujerumani. Kutoka kwa baba likamfikia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la jamaa hiyo. Ndivyo ua la Tanga lilivyoitwa Saint Paul.

Kwetu Kenya lina makao mawili yajulikanayo zaidi. Moja ni msitu wa Mbololo katika milima ya Taita. La pili, lililo karibu nasi, ni majabali ya chokaa ya Kilifi, likiwemo lile la Cha Simba. Hili la Kilifi ndilo B. L. Burtt aliliita rupicola mwaka 1964, yaani mkaa mwambani. Mwaka 2015 wataalamu walilihamisha ua hili pamoja na ndugu zake wote katika ukoo wa Streptocarpus, lakini jina la zamani halijawatoka watu kinywani.

Sasa tueleze habari yetu wenyewe, ambayo haitupi fahari.

Mche wa kwanza tuliununua barabarani kwa kijana aliyekuwa akipita na miche ndani ya karai. Ulikuwa umefungwa kwa jani la mgomba. Mizizi yake ilikuwa bado imekumbatia kuvumwani la kijani na chembe za jiwe jeupe, na kijana alitwambia kwa majivuno kwamba ametoka nao Kilifi, jabalini hasa, si wa kuoteshwa. Tulifurahi. Tukaona tumepata kitu cha asili kwa bei ya mkate. Bibi peke yake ndiye aliyeuangalia kwa muda, akaigusa ile mizizi iliyokatika, akasema, “Wanangu, huyu ameng’olewa kwao.” Hatukumsikiliza.

Tukaupa kila jema tulilolijua. Chungu kikubwa kilichokuwa cha mlimau, udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya mbuzi, maji asubuhi na maji baada ya Alasiri, na mahali pa heshima katikati ya ua ambapo jua la adhuhuri hushuka moja kwa moja. Siku ya nne majani yalikuwa na mabaka meupe. Wiki ya pili yakalala. Wiki ya tatu moyo wa mche ukawa mweusi na laini kama ndizi iliyosahauliwa.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo aliyekaa miaka mingi bara akiotesha maua ya kuuza, aliingia siku hiyo kumjulia hali bibi. Baada ya shikamoo na marahaba alikitazama chungu, akatia kidole udongoni, akakitoa kikiwa na matope. “Mmemzamisha,” alisema. Kisha akachagua majani mawili yaliyokuwa bado na uhai, akayakata kwa wembe, akayafunga katika karatasi yenye unyevu. Mche wenyewe tulitupa. Kila mche tulio nao leo umezaliwa na yale majani mawili.

Kosa letu tulilifahamu vyema miezi kadhaa baadaye, tulipokwenda kuzuru jamaa sehemu za Kaloleni, nao wakatufikisha Cha Simba. Jabali lile ni jiwe la chokaa lililochimbwa na mvua za enzi na enzi likawa na mianya, kingo kali na vichochoro ambavyo mtu hupita ubavu. Miti imesimama juu yake na mizizi imeteremka ukutani kama kamba za jahazi. Upande wa jua hapakuwa na kitu ila jiwe kavu. Upande wa kivuli, ambako hewa ni baridi na jiwe hutoa jasho, ndiko tulikouona, mche mmoja hapa, mitatu pale, kila mmoja umejishikiza katika ufa. Hapakuwa na udongo wa kujaza kikombe cha kahawa. Majani yaliyoanguka kutoka juu yameoza yakawa unga mweusi ndani ya ufa, na humo mizizi hula. Mvua ikinyesha, maji hupita yakaenda zake. Na sisi tulikuwa tumempa mtu huyo chungu cha mlimau.

Mwenyeji wetu alituonyesha pia mahali palipokuwa na alama ya mviringo juu ya jiwe, kuvumwani limebanduka na nyuzi za mizizi zimebaki zimenata. Hatukuwa na njia ya kujua kama lile pengo lilikuwa la mche wetu. Lakini fedha tulizompa kijana wa karai zilikuwa za mtu wa namna yetu, na kimya kilitushika sote mpaka tuliporudi garini.

Hatari ya ua hili haitoki kwa wenye karai peke yao. Jabali likivuliwa miti kwa ajili ya makaa au shamba, jua hulipiga ubavuni, unyevu hukauka, na mche hufa pale pale bila ya kuguswa na mkono wa mtu. Tena jiwe lenyewe ni chokaa, na chokaa ina wateja. Makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia yana wazee wanaoyalinda kwa mila, na ndani yake huruhusiwi kuchuma utakavyo. Majabali na vichaka vilivyo nje ya makaya havina mlinzi wa namna hiyo.

Hivyo basi, anayetaka ua la jabali nyumbani kwake na aanze na jani, kutoka kwa jirani au kwa muuza miche anayeotesha mwenyewe. Aliyeng’olewa mwambani hujulikana. Ana shingo ndefu yenye makovu ya majani ya zamani, mizizi iliyokatika, majani yasiyolingana, na mara nyingi jiwe au kuvumwani bado limeshikamana naye. Aliyeoteshwa huwa mdogo, amekaa wima katikati ya kikopo chake, na mizizi yake imeshika umbo la kikopo hicho. Kuwa bei ni ndogo si hoja, kwani aliyeng’oa hakugharimia kitu.

Kuotesha jani ni kazi nyepesi ambayo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, na kwetu ndiye aliyeifanya. Chagua jani la safu ya kati, si lile kuukuu la chini wala changa la moyoni. Likate na kikonyo chake, ubakishe urefu wa sentimita 3 hivi, na ncha iwe ya mshazari. Chukua kikopo cha mtindi, kitoboe chini, ujaze mchanga safi wa mtoni uliochanganywa na unga wa makumbi ya nazi. Mchanga wa ufuoni haufai kwa sababu ya chumvi. Chomeka kikonyo kidogo tu, kiasi cha kuweza kusimama, utie maji kidogo, kisha ufunike kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha na uweke kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 6 mizizi huwa imetoka. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichomoza chini ya jani mama. Hapo ndipo watu wengi huharibu kwa pupa. Viache mpaka vifikie upana wa kucha ya kidole gumba, ndipo uvitenganishe, kila kimoja na kikopo chake. Maua huchukua miezi mingine sita hadi tisa. Wetu wa kwanza ulichukua kumi, na tulikuwa tumekwisha kukata tamaa.

Chungu kiwe kidogo kuliko moyo wako unavyotaka. Kipimo cha jirani yetu ni hiki: upana wa chungu uwe theluthi ya upana wa majani yote yakiwa yametanda. Chungu cha udongo wa kufinyangwa ndicho bora kwa joto letu, kwa kuwa hupumua na kupoa. Ndani yake tia vigae chini, kisha mchanganyiko mwepesi wa majani yaliyooza yakachekechwa, unga wa makumbi na vipande vidogo vya makaa. Tulipotoka Cha Simba tulidhani kwamba mche wa jabali la chokaa utapenda matumbawe yaliyosagwa, tukatia kwa wingi katika chungu kimoja, na majani yakageuka manjano. Jirani akatukumbusha kwamba hata kule jabalini mizizi hula majani yaliyooza, haili jiwe.

Habari ya maji yahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyotuangusha, tena kwa Mombasa ina ugumu wake. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na chumvi huunguza mizizi hii laini. Maji ya bomba yafaa yakiachwa wazi usiku kucha. Yaliyo bora kuliko yote ni ya mvua, nasi tangu masika iliyopita tumerudisha desturi ya wazee wetu ya kukinga maji ya paa. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na birika kwa kazi hiyo. La kwetu lilikuwa limegeuzwa pahali pa kuwekea viatu vibovu. Maji yasimwagwe juu ya majani, kwani yakiwa baridi huacha yale mabaka tuliyoyaona, na yakituama moyoni huleta uozo. Weka sahani chini ya chungu, utie maji humo, uache mche unywe kwa muda wa nusu saa, kisha uyamwage yaliyobaki. Usirudie mpaka uso wa udongo uwe mkavu kidoleni. Katika kusi huenda ikawa mara moja kwa wiki, katika kaskazi mara mbili au tatu. Nyumbani kwetu bibi ndiye mwenye kidole, na hakuna anayeruhusiwa kushika kopo kabla yeye hajasema.

Mwanga utosheleze kusoma gazeti bila ya taa, lakini jua lisiguse majani isipokuwa lile la mapema, kabla ya saa tatu ya asubuhi. Dirisha la mashariki lenye mbao za kimiya linafaa, na ua uliozungukwa na kuta ndefu unafaa zaidi, kando ya ukuta, si katikati. Mche wenyewe hukwambia hali yake. Vikonyo vikirefuka na kunyoosha shingo, unataka mwanga. Majani yakipauka na kujikunja kukumbatia chungu, umezidishiwa. Mwezi wa Februari na Machi, joto linapopita nyuzi 30, tunaviteremsha vyungu vyote sakafuni kwenye trei yenye kokoto na maji, chungu kikikaa juu ya kokoto wala si ndani ya maji. Maua hukoma kwa muda. Ni mapumziko tu, si maradhi. Upepo wa bahari wenye chumvi hauutaki, basi wakaao ufukweni na waufiche nyuma ya ukuta.

Ukiona wadudu weupe mfano wa pamba kwenye vikonyo, watoe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni laini, na utenge chungu hicho na wenzake. Mbolea ya dukani, ukipenda, iwe robo ya kipimo kilichoandikwa. Samadi ya mbuzi tumekwisha kuisimulia.

Kuna jambo moja la kuwaonyesha watoto. Ndani ya kila ua, kando ya vile vijifuko vya manjano, kuna kijiti chembamba. Katika maua mengine kimeelekea kulia, katika mengine kushoto. Kule msituni nyuki hulishika ua na kutetema kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike mwilini mwake, na mwelekeo huo wa kijiti husaidia chavua ya ua la kulia kulifikia ua la kushoto. Asali hakuna, nyuki huja kwa ajili ya chavua peke yake. Uani mwetu nyuki hao hawafiki, na kwa hivyo mbegu hatujaipata, ila wajukuu wana daftari la kuhesabu wa kulia na wa kushoto, na ugomvi wa hesabu hiyo umekwisha kutuharibia chai ya alasiri zaidi ya mara moja.

Tuliuliza tulipokuwa Kaloleni kama twaweza kurudisha mche mmoja jabalini, badala ya ule uliokufa mikononi mwetu. Mwenyeji wetu alitikisa kichwa. Mche uliolelewa mjini waweza kubeba uozo na wadudu wa mjini, na ukiwa na damu ya aina za dukani utawachanganya wa asili kizazi. Tukarudi na vikopo vyetu. Hatukulipenda jibu lile, lakini tulilielewa.

Ua la kwanza lilifunguka Ijumaa moja, wanaume walipokuwa msikitini. Bibi alilikuta alipotoka kutawadha. Hakulipeleka puani mara hii. Tuliporudi tulikuta ametoa kiti chake barazani, mahali alipokaa miaka yote akitazama wapitao, akakiweka uani kando ya ukuta wa vyungu, na mpaka leo hajakirudisha.

Kwa sasa tuna vyungu kumi na kimoja. Dirishani pana vikopo vitatu vya mtindi vyenye majani mama, kila kimoja kimeandikwa jina la jirani anayekingoja, na cha kwanza kimeanza kuchomoza masikio. Tutavitenganisha masika itakapotulia, inshaallah.